Sauti Inayokufa Saa Kumi

Kijiji cha Ujamaa Tumaini,
Kasulo, Ngara.
26 Novemba 1978

Mjomba Telesfori, shikamoo. Mfikishie na mama Ildefonsa shikamoo yake, umwambie ule ungo alionipa bado ninapepetea.

Sisi huku tunapumua. Deodata ameota meno mawili ya chini na anayajaribia kwenye kidole changu. Mama mkwe, mama Melania, goti linamsumbua tangu mvua zianze, lakini shambani anakwenda. Ukimzuia anakuuliza kama wewe ndiye uliyemzaa. Maharage yamekubali. Ndizi siwezi kulalamika.

Sasa nikuambie kinachonitoa jasho. Privatus wangu aliondoka na mgambo tarehe kumi na mbili, waliitwa wote wenye miguu mizima. Alipopanda lori alinivulia ufunguo shingoni mwake, ule wa kabati la ofisi lenye amplifaya uliyotufungia wewe mwenyewe. Akaniambia, "Wewe ndiye unayeijua, ulikuwa unanishikia bisibisi." Mwenyekiti wetu, Mzee Bukuru, akakubali. Mimi ni darasa la nne tu, mjomba, lakini nikakubali pia.

Kila siku habari za saa kumi watu wote wanakusanyika mbele ya ofisi kusikia vita imefika wapi. Naunga waya kutoka redio ya betri hadi kwenye amplifaya, na honi ile juu ya nguzo inawasomea wote, hata walio bondeni. Nyimbo za saa tisa zinapiga vizuri, zinakwaruza kidogo tu kama mtu mwenye mafua. Lakini Alhamisi, msomaji alipoanza tu habari, honi ilinguruma, ikawa na sauti ya ng'ombe, halafu kimya. Nilipochungulia ndani, kwenye zile valvu mbili kubwa, kibati kilichomo ndani ya kioo kilikuwa chekundu kama kisu kilichosahaulika motoni. Fyuzi ilikuwa nyeusi. Nikabadilisha fyuzi, nikaweka valvu za akiba alizoacha Privatus. Jumatatu, habari zilipoanza, ikawa vilevile.

Mzee Bukuru akaniuliza mbele za watu, "Adelfina, mbona nyimbo hazifi, zinakufa habari?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Naomba unitumie valvu nyingine, na uniambie nakosea wapi. Barua mpe dereva yeyote wa lori, aiache kwa Clotilda wa hotelini Lusahunga. Ataipitisha.

Mpwa wako,
Adelfina


Biharamulo mjini
17 Desemba 1978

Adelfina mwanangu, marahaba. Mama Ildefonsa naye anaitikia, anasema ungo mzuri hauazimishwi. Mdomo wake umepona lile jipu, na umerudi kazini.

Meno mawili ni mwanzo mzuri. Mpe kipande cha muwa achezee, kidole chako kina kazi nyingine.

Barua yako ilikaa kwa Clotilda siku kumi na moja. Anasema malori ya raia ni machache, dizeli inakwenda vitani. Nimekufungia valvu mbili ndani ya pamba, na pamba ndani ya kopo la maziwa. Usimpe mtu alibebe kichwani. Zile zilizoungua zilikuwa mbovu toka dukani, ndivyo ninavyofikiri. Siku hizi wanatuletea masalia. Wewe hujakosea kitu.

Mwambie Bukuru mashine haijui nyimbo wala habari. Inajua umeme tu.

Hebu niambie jambo moja, ni udadisi wa fundi tu. Ile balbu inayoning'inia ofisini, rangi yake ikoje saa tisa, na ikoje saa kumi?

Privatus ameandika?

Mimi mjomba wako,
Telesfori B.


Tumaini, Kasulo
8 Januari 1979

Mjomba, shikamoo, na heri ya mwaka. Natumaini mama Ildefonsa mdomo unaendelea na kazi bila maumivu.

Noeli tuliila kwa maharage mapya na kipande cha mbuzi. Padri alikuja kwa baiskeli, akabatiza watoto saba, wawili wakiwa na kikohozi. Deodata sasa anasimama akishika kanga yangu. Nikipiga hatua anaanguka, halafu ananitazama kama nimemwibia.

Kopo lilifika, valvu nzima. Nikaziweka. Zilikaa siku tatu.

Mjomba, mambo si ya kucheka tena. Siku ya tatu ilikuwa habari ya majeshi yetu kuwarudisha nyuma adui, watu walikuwa wamesimama mpaka kwenye mihogo ya shule. Honi ikanguruma, ikafa. Redio peke yake ikabaki inanong'ona juu ya meza, mimi naisikia, wao hawasikii. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Kuna mkono hapa." Kesho yake niliitwa mbele ya kamati. Wakaniuliza baba yangu Bizimana alivuka mto mwaka gani kutoka Burundi. Nikawajibu, alivuka mimi sijazaliwa, na wote mlikunywa rubisi kwenye harusi yake. Katibu akaandika. Wanasema ni hujuma, na wakati wa vita hujuma ina jina lingine. Jambo langu litasikilizwa kikao cha tarehe 30 Machi. Kama sitakuwa na maelezo, jalada litakwenda wilayani, na mimi nalo. Deodata bado ananyonya.

Tangu siku hiyo nikifika kisimani wanawake wanakumbuka kazi nyumbani.

Uliuliza balbu. Mpaka saa kumi kasoro kidogo ni ya manjano, kama ndizi iliyoiva. Saa kumi inakuwa nyeupe, huwezi kuitazama. Nilidhani ni macho yangu.

Adelfina


Biharamulo mjini
29 Januari 1979

Adelfina, marahaba mwanangu.

Hapa tuko wazima. Jirani yetu mwalimu ameitwa jeshini. Shule inafundishwa na mkewe, na watoto wanasema anajua zaidi. Mtama umepanda bei, sabuni hakuna.

Macho yako ni mazima. Sikiliza, nitakueleza kama nilivyomweleza Privatus, ila yeye alikuwa anasinzia.

Valvu ni chungu cha maharage. Ndani yake kuna waya mwembamba unaopashwa moto na umeme. Huo ndio moto wa jiko. Moto ukipungua maharage hayaivi: ndiyo ile sauti ya mafua unayoisikia saa tisa. Moto ukizidi yanaungua na chungu kinapasuka: ndiyo kile kibati chekundu. Umeme ukipanda kidogo tu ukutani, ndani ya amplifaya unapanda pote kwa pamoja, kwenye waya na kwenye kibati. Betri ya redio haijui habari hizo, ndiyo maana redio haifi.

Kwa hiyo kuna kitu kinawasha moto kupita kiasi saa kumi. Balbu ndiyo mita yako. Itazame, na utazame ni nani anafanya nini dakika ile inapogeuka nyeupe. Usiulize watu. Tazama tu.

Mimi nafikiri nimeshamjua, lakini nataka umwone wewe. Jenereta yenu inaendesha pia ile mashine ya kusaga, si ndiyo? Na msagaji ni nani, bado ni shemeji yako Philbert?

Hukunijibu juu ya Privatus.

Telesfori


Tumaini, Kasulo
11 Februari 1979

Mjomba, shikamoo. Mama Ildefonsa shikamoo.

Deodata alikuwa na homa siku nne, imeshuka. Mama mkwe alimchemshia majani yake, mimi nikampa vidonge vya zahanati, sasa kila mmoja wetu anajua ni nani aliyemponya.

Nilikaa siku tano kwenye jiwe lililo kati ya ofisi na banda la mashine, mtoto mgongoni, najifanya nachambua maharage. Nimeona. Tangu vita ianze, Mzee Bukuru ametoa amri kwamba ikifika saa kumi kila kitu kinyamaze kwa heshima ya habari. Vinu vya kupondea mihogo, watoto, na mashine ya kusaga. Zamani Philbert alikuwa anasaga mpaka jioni, watu walisikia redio na unga kwa pamoja. Sasa saa kumi kamili anatoa mkanda, mashine ya kusaga inasimama. Jenereta, ikiachwa bila mzigo, inapiga mbio. Na balbu inakuwa nyeupe. Ndipo msomaji anaanza habari, ndipo valvu zinaungua. Mjomba, tunaiua kwa heshima.

Jenereta ina mkono wa mafuta ambao ungepaswa kujirudi wenyewe ikikosa mzigo. Haujirudi, kwa sababu umefungwa na kipande cha mpira wa tairi. Nilimuuliza Philbert, kwa upole. Akasema, "Shemeji, makopa ya mihogo ya mwaka huu ni magumu kama mawe. Bila mpira huo mashine inakaba na akina mama wananitukana. Wewe ungependa nitukanwe?"

Najua utaniambia nimtaje. Simtaji. Mama mkwe ana watoto wawili wa kiume, mmoja yuko vitani. Nikimpeleka wa pili wilayani kwa ajili ya mpira wa tairi, nitalala nyumba ya nani?

Kuna jingine. Kabla kamati hawajalifunga kabati kwa kufuli lao (wamelifunga Jumanne, hakuna kugusa hadi tarehe 30), niliigeuza amplifaya nipanguse vumbi. Nyuma kuna skrubu yenye mshale, na namba tatu: 210, 230, 250. Mshale uko kwenye 210. Namba hizi ni za nini? Privatus hakuwahi kuigusa, aliniambia fundi ameshamaliza, nyuma hakuna kazi.

Nijibu hili upesi.

Adelfina


Tumaini, Kasulo
4 Machi 1979

Mjomba, shikamoo. Mama Ildefonsa hajambo?

Sisi tupo. Kwaresima imeanza. Wanasema tumeshapita Masaka, lakini nimeambiwa na mtu aliyeambiwa, maana honi haisemi tena.

Sijapata jibu lako. Nilimwandikia Clotilda, anasema barua yangu ilipita kwake tarehe 14 na dereva alikukabidhi mkononi, ukiwa kwenye meza yako ya kazi pale sokoni, na kwamba uliisoma umesimama.

Zimebaki siku ishirini na sita. Nimeanza kumzoesha Deodata uji. Anautema.

Mjomba, umekasirika nini?

Adelfina


Biharamulo mjini
15 Machi 1979

Adelfina,

Sijakasirika. Nimeandika barua tatu na kuwashia jiko zote. Mama Ildefonsa ameniambia asubuhi hii, "Telesfori, karatasi ni adimu, ama umwandikie mtoto au uache." Basi naandika.

Ile skrubu niliiweka mimi. Inaiambia amplifaya itarajie umeme wa volti ngapi. Mwaka sabini na sita nilipokuja kuwafungia, mlikuwa na kale kajenereta kadogo kalikokohoa. Mita yangu ilisoma volti mia mbili, siku njema mia mbili na kumi. Ningeiweka skrubu kwenye 250, honi ingenong'ona, na wazee wangesema fundi wa Biharamulo ni mwongo. Nikaiweka 210. Ilikuwa sawa kwa siku ile.

Mwaka uliofuata mlipata jenereta kubwa na mashine ya kusaga. Mlinialika kwenye sherehe. Nilikuja, nilikunywa, nilisikia honi ikiimba, nikajua kabisa kwamba ile skrubu inatakiwa kugeuzwa. Nilisema nitaigeuza kesho. Kesho yake kichwa kiliuma na lori lilikuwa linaondoka. Mashine ya kusaga ilipokuwa inafanya kazi ilivuta umeme ukashuka, na amplifaya ikaishi. Nikajiambia Mungu ameshanisamehe.

Bila mzigo, na mkono wa mafuta umefungwa, nadhani jenereta ile inafika volti mia mbili na sabini. Amplifaya iliyoambiwa mia mbili na kumi itafanya nini? Itaungua tu. Valvu nilizokutumia zilikuwa nzima. Nilikuambia zile za kwanza mbovu ili nisiseme haya.

Dawa ni ndogo. Zima kila kitu, geuza mshale uende 250. Halafu Philbert apunguze mkono wa mafuta kwanza, taratibu, ndipo atoe mkanda. Wewe subiri balbu itulie rangi ya manjano, ndipo uwashe amplifaya. Nimekuwekea valvu mbili. Ni za redio yangu mwenyewe ya mezani, zinalingana.

Mwanangu, nina meza moja sokoni na jina moja. Wakati huu mtu akiitwa mhujumu haulizwi mara mbili, na mimi sina mwenyekiti aliyekunywa kwenye harusi ya baba yangu. Mweleze Bukuru habari za mkanda na mpira. Ya skrubu sema ilikuwa hivyo tangu kiwandani. Barua hii ichome.

Telesfori


Tumaini, Kasulo
1 Aprili 1979

Mjomba wangu, shikamoo. Mwambie mama Ildefonsa namshukuru kwa ile karatasi.

Deodata ameanza kumeza uji. Mama mkwe anaupuliza mpaka unakuwa maji. Mvua ni nzuri.

Kikao kilikuwa Ijumaa. Valvu zako nilizibeba kifuani ndani ya kanga. Nilipoitwa, sikuanza kwa maneno. Niliwaomba wazee wanifuate tusimame wote ofisini saa kumi, amplifaya ikiwa imezimwa, na badala ya kusikiliza watazame balbu. Mzee Bukuru akasema, "Tumekuita ujitetee, unatuonyesha balbu?" Mama mkwe, ambaye hakuitwa, akajibu kutoka mlangoni, "Macho ni yenu, hayatatozwa ushuru." Wakafuata.

Philbert akatoa mkanda kama kila siku. Mlio wa jenereta ukapanda, balbu ikawa nyeupe, wazee wakaweka mikono usoni, na kabla hawajaishusha waya wa balbu ukakatika, tik, ikazimika. Hakuna aliyekuwa ameigusa. Nikawaambia, balbu hii na valvu zangu ni ndugu, zimeuawa na kitu kimoja.

Mzee Bukuru aliitazama ile balbu iliyokufa. Halafu akasema, "Amri ya kunyamaza ni yangu. Kwa hiyo adui ni mimi?"

Nikamjibu, "Hapana mzee. Ulitaka tusikie. Philbert alitaka tupate unga. Adui hayupo katika jambo hili."

Philbert mwenyewe akaenda akaufungua ule mpira mbele yao, akasema, "Nitatukanwa basi." Watu wakacheka, na safari hii mwenyekiti alicheka kidogo, upande mmoja wa mdomo.

Hapo ningeweza kunyamaza, mjomba. Lakini katibu ni mtu aliyesoma. Alifungua kufuli la kabati, akaigeuza amplifaya, akaiona skrubu, akauliza, "Na namba hii aliiweka nani?" Wote wakanigeukia. Barua yako ilikuwa kifuani pamoja na valvu. Sikuichoma. Nilitaka kuichoma siku mbili mfululizo, na kila nikitaka kuiwasha naona ni maelezo yangu ndiyo yanayoungua. Kama ningesema ilitoka hivyo kiwandani, wangemleta fundi wa wilaya, angesema si kweli, na ningekuwa mwongo mwenye mtoto mgongoni.

Nikasema, "Ni mjomba wangu Telesfori. Aliiweka sawa kwa jenereta ya zamani, akasahau kuigeuza. Ameniandikia mwenyewe."

Barua sikuwaonyesha. Katibu aliidai, nikamwambia ina mambo ya familia. Akasema basi maneno yangu hayatoshi. Wameamua hivi: fundi mwenyewe afike, aseme kwa mdomo wake na ageuze skrubu kwa mkono wake, kabla ya tarehe 12 Aprili. Akifika, jalada linafungwa. Asipofika, linakwenda wilayani likiwa na majina mawili, langu na lako.

Nimekutaja, mjomba. Unisamehe, au usinisamehe, lakini njoo. Mzee Bukuru si mtu mbaya. Ni mwoga kama sisi. Vijana wake wawili wako kule vitani.

Uliniuliza mara mbili juu ya Privatus nikapita kando. Hajaandika tangu aondoke. Hata mstari mmoja. Mimi nilikuwa nasimamia mashine ile kila siku saa kumi kwa sababu nikiwa karibu na redio nasikia kabla ya wengine, na kama kuna la kusikia nataka nilisikie nikiwa nimesimama. Hili sijamwambia mtu.

Mpwa wako,
Adelfina


Lusahunga, hotelini kwa Clotilda
9 Aprili 1979, saa moja asubuhi

Kwa Mwenyekiti Bukuru, kupitia kwa mpwa wangu Adelfina, amsomee.

Mwenyekiti, mimi ni Telesfori, fundi redio wa Biharamulo, unayenifahamu. Skrubu ile niliiweka mimi, na nilijua inatakiwa kugeuzwa, sikuigeuza. Msichana hakufanya lolote ila kuyaona yale ambayo mimi niliyaficha. Nayaandika haya ili yafike hata nikichelewa. Anayekuletea ni mtu wa baiskeli anayekwenda Kasulo.

Adelfina, lori limeishiwa dizeli hapa tangu jana mchana na dereva hajui atapata lini. Nimeshateremsha mkoba wangu. Kutoka hapa hadi kwenu wanasema ni siku mbili kwa mtu mwenye miguu ya kijana, mimi nimejipa tatu.

Clotilda amenipa viazi vya njiani. Natembea.